Tulivyorekodi Konseto ya Mwalimu Mihayo

Vijana wanaokuja kwangu hapa Gongoni, Tabora, huanza na swali lilelile: "Bibi, ninunue maikrofoni gani?" Chai haijamiminwa, kijana ameshatoa simu na kunionyesha picha ya kifaa alichokipenda. Nami humuuliza anataka kurekodi nini, na wapi. Hapo uso hubadilika kidogo. Anadhani namzungusha.

Simzungushi. Nimerekodi muziki tangu nilipokuwa binti mwembamba wa redio kule Dar es Salaam hadi magoti yalipokataa kupanda ngazi, na muziki niliourekodi zaidi ni wa okestra: fidla za begani, selo za kubanwa kati ya magoti, filimbi, tarumbeta, watu tele ndani ya ukumbi mmoja wakivuta pumzi pamoja. Kitu cha kwanza nilichofundishwa kilikuwa kupiga makofi.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mkuu wa mafundi mitambo pale redioni, mtu wa Ujiji ambaye hakuvua koti lake la kazi hata siku ya joto kali. Ukifika naye ukumbini, hakukuruhusu kufungua sanduku hata moja. Alikwenda katikati, akapiga kofi, akainamisha kichwa. Akasogea pembeni, akapiga jingine.

"Tatu," aliniita siku ya kwanza, "umesikia nini?"

"Nimesikia kofi."

"Kofi nimelipiga mimi, nalijua. Nakuuliza ukuta umejibu nini."

Mwenyewe alijifunza kwa aibu. Ujanani alitumwa kurekodi bendi ya tarumbeta, na kwa kutaka kuonekana mjuzi akaagiza ukumbi mzima utandikwe mazulia mapya. Wapigaji walijitahidi mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Kanda iliposikilizwa, bendi ilisikika kama imefungiwa ndani ya godoro. "Nilidhani nazuia kelele," alisema huku akifuta machozi ya kicheko, "kumbe nimewazuia wanamuziki." Kwa hiyo nami nawaambieni: ukumbi ni chombo cha muziki kama fidla. Ukishapata ukumbi mzuri, vifaa vya kawaida vitakufikisha mbali. Ukipata ukumbi mbaya, hata ukiuza shamba ununue vifaa vya Ulaya, utarekodi ubaya kwa usafi mkubwa.

Na hilo la usafi ndilo mnaloliita ubora wa juu. Mnalitamka kama jina la dawa. Sisi tulianza na kanda za sumaku. Ukikosea ulikata kwa wembe na kuunganisha kwa utepe, na kila kanda ilikuwa na mvumo wake, kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili. Siku hizi mashine inapima sauti mara nyingi mno kwa kila sekunde, na inaipima kwa kipimo chembamba, hivyo hata mlio mdogo kabisa, ule wa upinde wa fidla unapoanza kugusa waya, unaingia wote na unabaki. Ni neema. Lakini mashine haichagui. Niliwahi kurekodi kipande cha polepole mno, fidla zimeshuka hadi kuwa kama pumzi, na katikati ya utulivu huo tumbo la mpigaji mmoja likanguruma vizuri kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa ubora wa juu. Tangu siku hiyo hakuna anayeketi mbele ya maikrofoni zangu kabla hajanywa uji. Na maharage ni marufuku hadi jioni.

Sasa niwaeleze kazi moja niliyoifanya baada ya kustaafu na kurudi nyumbani Tabora. Mkiielewa hiyo, mengine mtayajifunza wenyewe.

Alikuja kwangu binti mmoja anaitwa Kalunde. Kwao ni Puge. Huko Dar es Salaam yeye ni muuguzi, na jioni anapiga fidla katika okestra ya watu wanaojitolea: walimu, makarani, wanajeshi wa bendi, daktari wa meno mmoja. Nilikuwa nimeshamrekodi mara kadhaa, kwa hiyo nilidhani amekuja kunisalimia tu.

"Shikamoo Bi Tatu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

Hakukaa. Alisimama na bahasha kubwa kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Bi Tatu, Mwalimu Mihayo anapoteza masikio."

Mwalimu Mihayo namjua, nani hamjui hapa mjini? Mzaliwa wa Bukene, amefundisha muziki vyuo vya ualimu mpaka mvi, na alipostaafu akajenga kule Itetemia akawa analima karanga na mahindi. Yeye ndiye aliyemshikisha Kalunde fidla akiwa mtoto wa shule. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anaandika konseto. Kwa msiojua, konseto ni utunzi ambamo chombo kimoja, hapa fidla, kinasimama mbele na kuzungumza, na okestra nzima inakijibu, inakibishia, inakibeba. Mwalimu aliiandika yote kichwani na kwenye karatasi. Hajawahi kuisikia. Pale nyumbani kwake okestra angeitoa wapi?

"Daktari wa Mwanza amesema sauti nyembamba zimeshaanza kuondoka," Kalunde akaendelea. "Nyingine zitafuata. Dawa hakuna. Nataka aisikie wakati bado kuna kitu cha kusikia. Na nataka irekodiwe vizuri, isije ikawa ya simu."

Nilimwambia aketi. Nikachukua bahasha.

Tatizo la kwanza lilikuwa Deus. Deus ndiye kiongozi wa ile okestra, anayesimama mbele na kijiti, kijana makini, na alichokisema kilikuwa na akili: tukarekodi studio Dar es Salaam, wenye fidla siku yao, wenye tarumbeta siku yao, kila mtu kwa nafasi yake ya kazi, kisha tuunganishe kwenye kompyuta.

"Watu wangu wameajiriwa, Bi Tatu," aliniambia kwenye simu. "Kuwapata wote pamoja ni kama kuwapata ndugu wote kwenye kikao cha harusi."

"Harusini wanakuja," nikamjibu. "Mwalimu anamuuguza mkewe, hawezi kulala nje ya Tabora. Na konseto ni mazungumzo, Deus. Huwezi kumrekodi kila mtu chumbani kwake halafu useme walikuwa wanazungumza."

"Haya. Ukumbi huko upo?"

"Upo," nikasema.

Haukuwapo. Nilikata simu, nikavaa viatu, nikaenda kuutafuta. Nilipiga makofi mji mzima. Ukumbi wa shule moja ulikuwa na paa la bati lililoteremsha sauti kama mawe. Ghala la tumbaku lilikuwa zuri, ila harufu ingewamaliza wapiga filimbi. Kwenye ukumbi mmoja wa sherehe mlinzi alinifuata kila kona, akaniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua nilipo. Sikurudi nyumbani. Nimewaona vijana wengi wanaokubali ukumbi wa tatu kwa sababu jua limewachosha, usikubali. Ukumbi nilioutaka niliupata Itetemia kwenyewe, kanisa la zamani lenye kuta nene za matofali ya udongo, dari ya mbao na paa la vigae. Kofi langu lilikwenda hadi madhabahuni likarudi taratibu, duara, bila haraka. Nikapiga la pili kwa raha tu. Padri akatokea mlangoni akauliza, "Mama, ni nani tunampongeza?"

Alikubali. Mimi ni Mwislamu wa Gongoni na nilikaa siku zote zile ndani ya kanisa lake. Adhana ya adhuhuri kutoka msikiti wa jirani ndiyo ilikuwa kengele yetu ya chakula. Nilikwenda kuswali, wengine wakala, tukarudi kusikiliza tulichokirekodi.

Lakini jirani na kanisa palikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Kelele ya mashine ya kusaga haipiti hewani peke yake, inapita ardhini, inaingia kwenye miguu ya stendi za maikrofoni. Godoro halizuii. Kinachozuia ni kuzungumza na mwenye mashine. Naye alikuwa Mama Shija, mwanamke mpana, kilemba cheupe kwa unga.

"Nizime mashine asubuhi?" akaniuliza. "Watu wale nini, fidla?"

"Asubuhi tu, Mama Shija. Mchana ni wako wote."

"Na hao wapigaji ni wa harusi au msiba?"

"Wala. Ni utunzi wa Mwalimu Mihayo."

Akaacha kupepeta. "Mihayo huyu wa karanga? Huyu amemfundisha kaka yangu kuimba. Kaka yangu hafundishiki, lakini alimfundisha." Akafikiri. "Nitazima. Lakini nije kukaa ndani nisikie mwenyewe. Nisije nikazima mashine yangu kwa kitu kibaya."

Tukakubaliana.

Okestra ilikuja kwa treni. Kontrabasi, ile fidla kubwa kumshinda mtu, ilisafiri ndani ya sanduku refu la mbao, na lilipoteremshwa stesheni watu wawili walivua kofia na mama mmoja akaanza kutoa pole. Mpigaji wake, yule daktari wa meno, alizipokea zote kwa heshima kwa sababu hakujua aanzie wapi kueleza.

Tuliweka maikrofoni mbili kuu juu, nyuma kidogo ya kichwa cha Deus, na nyingine chache karibu na vyombo, zikiwa za kusaidia tu. Shikeni hili: maikrofoni kuu ndizo zinazobeba picha nzima. Kama fidla haisikiki vizuri, usikimbilie kitufe. Panda ngazi, isogeze maikrofoni kiasi cha shubiri moja, teremka, sikiliza. Panda tena. Mimi nilikuwa sipandi, magoti, lakini niliwapandisha wanajeshi wa tarumbeta mpaka wakaniita Afande.

Kisha tukagundua kwamba paa linalia. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, joto la Tabora mnalijua. Jua likishapanda, mbao za dari zilijinyoosha na vigae vikaanza kulia kimoja kimoja, tak, tak, kama mtu anavunja karanga juu ya vichwa vyetu. Kwenye rekodi ya kawaida ungeweza kujifanya hujasikia. Kwenye ubora wa juu kila karanga ilikuwa na mahali pake. Hivyo tukawa tunaanza kazi jua linapochomoza, na vigae vikianza tu, tunaacha. Wapigaji waliguna. Mmoja alisema hata jeshini wanalala zaidi. Walikuja hata hivyo, na uji wao wakanywa.

Mwalimu Mihayo alikuja siku ya kwanza amevaa suti ya kahawia. Tulimweka kiti mbele kabisa. Akatazama huku na huku, akanyanyuka, akakivuta kiti mpaka karibu na kontrabasi, akaweka kiganja juu ya ubao wake. Deus akainua kijiti.

Siwezi kuwaeleza muziki kwa maneno. Nitasema tu kwamba ulianza chini, kwa selo na kontrabasi, mwendo wa watu wanaotembea safari ndefu na mizigo, na fidla ya Kalunde ikaingia juu yao peke yake kama mtu aliyekatiza foleni kwenda kuangalia mbele kuna nini. Mama Shija, nyuma kabisa, alikuwa ameshika shavu. Mwalimu alifumba macho. Nilimwona anafuata kwa kidole gotini, na kila mara kidole kilisimama, kikasubiri, kikaendelea.

Tulipomaliza sehemu ya kwanza nilimsogelea Mwalimu. Alikuwa anatabasamu, lakini si sana.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana. Kalunde aliacha kupiga kwa nini?"

Kalunde alikuwa amesimama palepale na fidla mkononi. "Sikuacha, Mwalimu," akasema kwa sauti ya juu.

"Pale juu. Baada ya filimbi."

"Sikuacha. Nilipiga zote."

Alimtazama Kalunde muda mrefu. Kisha akasema, "Basi endeleeni," akavuta kiti chake karibu zaidi na kontrabasi.

Tulimaliza sehemu tatu zote katika asubuhi zilizofuata, na zilikuwa safi. Kwa upande wa kazi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini Kalunde hakula, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Tulikuwa tumewaleta watu wote hawa ili mzee asikie konseto yake, na fidla, ambayo ndiyo konseto yenyewe, haimfikii.

Deus ndiye aliyeleta wazo. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa siku ya mwisho ya ratiba, mashine ya Mama Shija inasaga kwa hasira ya asubuhi nzima, na Deus akasema, "Mama yangu ana kifaa cha masikio. Yule fundi wake hakumwongezea sauti yote. Alimpima kwanza, sauti moja moja, akaongeza zile tu zilizopotea. Bi Tatu, wewe una sauti zote humo ndani."

Nami, vijana, nilikataa. Nilimwambia sijakaa kazini maisha yangu yote nikilinda sauti isipindishwe ili niipinde uzeeni. Deus hakubishana. Alisema tu, "Ile ya kweli itabaki. Hii ni ya mtu mmoja."

Hapo nikamwambia amlete Mwalimu. Nikanyanyuka.

Tulimketisha Mwalimu sakristia, chumba cha padri nyuma ya madhabahu, mashine ya Mama Shija ilipopumzika, nikamvalisha vipokea sauti vyangu vikubwa vya masikioni. Nilimpigia milio mmoja mmoja kutoka kwenye kompyuta, kuanzia mizito. Aliinua kidole akisikia. Mizito aliinua haraka. Ya kati aliinua. Tulipopanda, kidole kilichelewa. Tukapanda tena, kikabaki gotini. Niliongeza nguvu kidogo kidogo hadi kikainuka. Sauti chache za juu kabisa hazikurudi hata kwa nguvu yote, nikaziacha. Kisha nikaichukua konseto, nikaipinda kufuata ramani ya masikio yake. Mimi niliyesikiliza kwa masikio yangu niliona ni kitu cha kutisha, fidla kali kama wembe, filimbi kama kipenga cha refa. Nikamvalisha tena.

Kalunde alipiga magoti mbele yake. Nikabonyeza.

Ilipofika pale baada ya filimbi, Mwalimu Mihayo alifungua macho, akamtazama Kalunde, akaanza kutikisa kichwa polepole kwa kila noti, kana kwamba anawasalimia watu wanaoingia mlangoni. Hakulia. Kalunde alilia, na Deus alitoka nje akasema anakwenda kuangalia gari. Mzee alisikiliza hadi mwisho, sehemu zote tatu, bila kusogea. Kisha akavua vipokea sauti, akavifuta jasho kwa kitambaa, akanirudishia.

"Sehemu ya pili nimekosea," akasema.

"Umesemaje, Mwalimu?"

"Tarumbeta. Ninazipa kazi nyingi. Zinamfunika Kalunde. Anasema jambo na hawa wanapiga kelele juu yake. Nilipoandika sikulijua hilo, kwa sababu kichwani hakuna anayemfunika mwenzake." Akaomba kalamu.

Deus, aliyekuwa amerudi, alinivuta pembeni. "Bi Tatu, amesikiliza ile tuliyoipinda. Labda sisi ndio tumezifanya tarumbeta zijae."

Lilikuwa swali la haki. Nikakaa na ile ya kweli, isiyoguswa, nikasikiliza kipande hicho mara nyingi. Mwalimu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu siku tuliyokirekodi na nikadhani ndivyo alivyotaka. Nikamgeukia Kalunde.

"Nilikuwa nashindana nazo tangu mazoezi ya kwanza," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono unauma mpaka sasa. Lakini ningemwambiaje Mwalimu wangu kwamba amekosea?"

Tulimwandikia hilo Mwalimu kwenye karatasi ili alipate vizuri. Akalisoma, akamtazama juu ya miwani. "Ungefungua mdomo. Nilikufundisha fidla, sikukufundisha kunyamaza."

Alizifuta tarumbeta pale mezani, ukurasa baada ya ukurasa, na kazi yao akaipa selo moja. Treni ya kuwarudisha ilikuwa kesho yake mchana. Deus aliwakusanya watu wake uani akawaeleza. Kulikuwa na manung'uniko. Wengine walikuwa wameshafunga mizigo, na mpiga selo, mwalimu wa hesabu, alisema hajawahi kupewa kitu kigumu namna hii akakipiga kesho yake. Waliotangulia kukubali ni wale wanajeshi wa tarumbeta, wenyewe ndio waliofutwa. Mkubwa wao alisema, "Kama tulikuwa tunamfunika dada, tuondoke. Tutashika milango ndege wasiingie."

Na walishika.

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu, ya kwanza tangu tufike. Jua halikutoka, na vigae vikakaa kimya. Lakini mawingu hayo hayo yalikuwa yanakuja na mvua, na mvua juu ya paa lile ingetumaliza. Mara ya kwanza selo ilijikwaa. Mara ya pili Kalunde alianza mapema, kwa sababu alikuwa bado anapiga kwa nguvu ya kushindana, na sasa hapakuwa na wa kushindana naye. Deus akashusha kijiti. "Dada, hakuna mtu. Sema tu." Mama Shija, ambaye hakuna aliyemwomba siku hiyo lakini alizima na kuja, akaitikia kutoka nyuma, "Sema, mwanangu."

Mara ya tatu alisema. Selo ikatembea chini yake polepole na fidla ikazungumza bila kuinua sauti, na nikasikia kwenye vipokea sauti vyangu kitu ambacho hakikuwepo siku zote zile: ukumbi wenyewe unamjibu. Noti ya mwisho ilipanda, ikafifia, ikaingia kwenye mbao. Niliinua mkono watu wasisogee. Msiharakishe kuzima, vijana. Muziki unaisha ukutani, hauishi mkononi mwa mpigaji. Tukasubiri. Na katika utulivu huo, mbali, upande wa Nzega, radi ikanguruma.

Mwalimu Mihayo akageuka kwa ukali kuelekea kwa mpiga ngoma. "Nani kakwambia uingie?"

Kicheko kilichotoka hapo kimo kwenye rekodi, ila hicho nilikikata. Radi niliiacha. Deus alitaka iondoke, tukabishana naye wiki nzima kwenye simu, hadi nikamwambia mtunzi ameisikia kwa masikio yake mwenyewe bila msaada wa mtu, basi ibaki. Ukisikiliza kwa vifaa vizuri utaisikia, chini kabisa, mwisho wa sehemu ya pili.

Mvua ilinyesha tukiwa tunafunga masanduku. Treni waliiwahi.

Tuliiweka konseto mtandaoni kwa ubora uleule tulioirekodi, na Kalunde hunitumia ujumbe wa watu wa nchi za mbali wanaouliza huyu mtunzi ni nani, na ukumbi huu uko wapi. Mama Shija anayo kwenye simu. Mashine ikipumzika huipiga, na wateja wake wanajua kwamba wakati huo haulizwi habari ya chenji. Ile iliyopindwa ninayo mimi peke yangu, na sijamchezea mtu mwingine.

Mwalimu sasa hasikii. Ilichukua muda mfupi kuliko daktari alivyodhani. Ukimtembelea unamwandikia kwenye simu kwa herufi kubwa, naye anakujibu kwa mdomo, kwa sauti ya juu kidogo kuliko zamani. Mwezi uliopita nilimkuta barazani, karanga zimeanikwa upande mmoja, na upande wa pili karatasi zimezuiliwa na mawe zisipeperuke. Nilizitazama. Zilikuwa na mistari mitano mitano, nyeusi kwa noti.

"Ya selo," akasema. "Yule mwalimu wa hesabu amenifungua macho. Nimefika sehemu ya pili. Utairekodi?"

Nikachukua simu nikaandika: NIMESTAAFU, MWALIMU.

Akasogeza miwani, akasoma.

"Mimi pia," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilikaa naye hadi alipomaliza ukurasa. Kisha nikampigia Deus.